Ufa wa sebuleni Nkuhungu: nizibe sasa au nisubiri?

MamaNeema
Habari zenu ndugu. Nyumba yetu iko Nkuhungu, Dodoma, tuna mwaka wa tatu tangu tuhamie. Sebuleni kuna ufa umeanzia kona ya chini ya dirisha, ukashuka mshazari kuelekea kona ya nyumba. Mwezi wa nne ulikuwa kama uzi, sasa hivi ncha ya ufunguo inaingia. Halafu darini kwenye jipsamu kuna mstari umenyooka ukuta hadi ukuta. Fundi kaangalia dakika mbili: "Hiyo lipu tu mama, tupige waloputi, ule unga wa kulainisha ukuta, na rangi." Mwaka jana alisema hivyo hivyo, nikalipa, ufa ukarudi palepale. Watoto wanacheza hapo chini na silali vizuri.

FundiKizota
Pole sana dada. Dari isikutishe. Hapo ni maungio ya bodi: bati linachemka mchana, usiku linapoa, mbao zinacheza, na pasipo tepu panaachia. Bonyeza kwa kiganja, bodi ikicheza ongeza skrubu. Kwangua, bandika tepu, paka jipsamu mikono mitatu, kila mkono ukauke, ndipo msasa.

Ukutani mtu asipake kitu kwanza. Weka alama ya penseli kwenye ncha zote mbili za ufa, andika na tarehe, pima upana kwa rula. Gonga kandokando: ikilia kama debe tupu, lipu imeachia tofali. Kisha nenda nje, tazama upande wa pili.

MamaNeema
Nimetoka na tochi. Nje upo, unashuka kama ngazi kwenye maungio ya tofali. Rula inasema milimita 4. Na kona hiyo ndiyo bomba la bafuni linamwaga maji, tumepanda na mpapai.

FundiKizota
Basi huo si wa lipu, ukuta wenyewe umekatika. Huko kwenu kuna sehemu zenye udongo mweusi wa mbuga. Mvua za Desemba hadi Aprili unavimba, kiangazi unasinyaa hadi unapasuka, na kona yenu inanyweshwa peke yake. Nimeona nyumba nzuri zikiumia hivi, inaniuma, kwa sababu kilichotakiwa ni bomba la mita chache tu.

Peleka maji mbali, ng'oa mpapai, zungushia nyumba zege lenye mteremko wa kutoka nje. Acha mvua ipite ukiangalia penseli. Ufa ukivuka milimita 5, au milango ikianza kukwama, ita mhandisi achimbe auone msingi.

Ilazo_B
Muulize pia aliyejenga kama lenta, ule mkanda wa zege lenye nondo juu ya madirisha na milango, ilizunguka nyumba nzima. Kwangu ilikuwa juu ya madirisha tu.

MamaNeema
Ufa ukitulia, nazibaje?

FundiKizota
Chimbua kwa patasi hadi tofali, futa vumbi, lowesha. Pigilia wavu wa waya uvuke ufa sentimita 15 kila upande, ndipo lipu. Mwagilia asubuhi na jioni siku 7. Jua na upepo wa Dodoma vinakausha lipu kabla haijashika.

MamaNeema
Asante kaka. Bomba linahamishwa kesho.