MJADALA: Afisa mifugo abaki chini ya halmashauri, au tuunde wakala kama RUWASA?

Wadau habari zenu. Naomba tulijadili hili bila matusi na bila uchama. Kuna hoja inazunguka kwamba wataalamu wa mifugo watolewe halmashauri wawe chini ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi moja kwa moja, kama wahandisi wa maji walivyotolewa 2019 ikazaliwa RUWASA, wakala wa maji vijijini. Mi naunga mkono, ila sababu yangu sio hizi za "uwajibikaji" zinazosemwa kila siku.

Kwa wasiojua ilivyo sasa: wizarani kuna Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo, DVS, mlipuko wa ugonjwa ukitokea yeye ndo anabeba lawama na yeye ndo anaripoti kwa shirika la afya ya wanyama duniani kule Paris. Lakini afisa mifugo wa kata sio mtu wake. Huyo ni wa halmashauri, nayo iko TAMISEMI, yaani ofisi ya serikali za mitaa, bosi wake ni DED, mkurugenzi wa halmashauri. Yaani baba mwenye nyumba anaomba ruhusa kwa jirani ili aongee na mwanae.

Sasa niwape kilichonikuta. Ng'ombe wangu mmoja aliamka asubuhi mate yanatiririka kama kamba, hataki majani, anachechemea, nikamfungua mdomo nikakuta ulimi umechubuka. Ugonjwa wa miguu na midomo huo, hata mtoto wa mfugaji anaujua. Nampigia afisa mifugo wetu, kijana mzuri tu sina ugomvi nae, ananiambia mzee niko mnadani nakusanya ushuru, na pikipiki haina mafuta, ukiweza nitumie elfu kumi. Nikatuma. Kaja siku ya tatu, wakati huo wameshaugua wanne, na mnada unaendelea palepale, ng'ombe wa vijiji sita wanapumuliana puani!

Hapo ndo penye hoja yangu. Sheria ya magonjwa ya wanyama ipo tangu 2003, karantini inaruhusiwa, mnada unafungwa. Ila ule mnada wa awali, yaani wa ngazi ya kijijini, ni wa halmashauri na ushuru wake ndo mapato ya ndani. Kwa hiyo anayetakiwa kupiga kengele ni mwajiriwa wa mtu ambaye kengele ikilia anakosa hela, na siku hiyohiyo yeye mwenyewe ndo kashika kitabu cha risiti. Nani atapiga hiyo kengele?

Na msiniambie "si mchanje tu". Virusi vya huu ugonjwa viko aina saba duniani, kwetu zimeshaonekana O, A, SAT 1 na SAT 2, na chanjo ya aina moja haikukingi na nyingine. Lazima sampuli ichukuliwe mapema ijulikane ni ipi. Kwangu haikuchukuliwa kabisa.

Karibuni.

Bwana Mifugo Mstaafu:
Kijana, mimi nimefanya kazi chini ya wizara kabla ya hizi reform za serikali za mitaa, kwa hiyo nacheka kidogo. Unadhani mafuta yalikuwepo? Gari la mkoa lilikuwa linakaa kwa mkubwa, sisi tunatembea na kikapu cha barafu kichwani kuchanja sotoka, na tukaimaliza, 2011 dunia ikatangaza imeisha. Majosho nayo hayakufa kwa sababu ya bosi, yalikufa ruzuku ya dawa ilipoondoka. Ukihamisha mtu bila kuhamisha bajeti umebadilisha kichwa cha barua tu. Halafu hilo la mnada umesema nusu. Minada ya upili, ile mikubwa ya ngazi ya juu kama Pugu na Weruweru, ni ya nani? Si ya wizara hiyohiyo unayotaka kuipa rungu? Nayo inakusanya.

Jirani wa Kajiado:
Sisi huku Kenya tulifanya kinyume chenu. Katiba ya 2010 ilipeleka udhibiti wa magonjwa ya mifugo kwa kaunti, sera ikabaki kwa serikali kuu, kaunti zikaanza kazi 2013. Uzuri ni kwamba gavana yuko karibu, unaweza kumpigia kelele. Ubaya ng'ombe hajui mpaka wa kaunti, hii inachanja mwezi huu, ile ya pili inasema bajeti bado. Ndiyo maana Nairobi ikaja na kampeni ya kitaifa ya chanjo 2025, ng'ombe milioni 22 na mbuzi na kondoo milioni 50, na nyote mliona vile watu waliipinga. Amri ikitoka mbali watu hawaiamini, hata kama chanjo ni nzuri. Mkiunda hiyo wakala yenu msimsahau yule mtu wa kijijini anayejulikana kwa jina.

Mleta mada:
Mzee wangu shikamoo. Hapo kwa Pugu umenibana, nakubali. Basi niseme hivi: anayefunga mnada asiwe anayekusanya ushuru, awe wa wizara awe wa halmashauri. Ugani, malisho, majosho, hivyo vibaki huko kwa madiwani, wanavijua kuliko mtu wa Dodoma. Ila magonjwa, karantini na kibali cha kusafirisha mifugo viwe na mstari mmoja toka kata mpaka kwa DVS, na fungu lake la mafuta lisilopita kwa DED.

Jirani wa Kajiado, ni kweli kabisa la imani. Hata huku kampeni ya chanjo iliyozinduliwa Bariadi Juni 2025, serikali inachangia nusu ya bei ya chanjo ya ng'ombe na ya kuku ni bure kabisa, bado kijijini kwetu kuna watu waliwaficha ng'ombe porini wakihofia hereni za utambuzi, eti ni kodi inakuja. Aliyewatoa porini ni yule yule kijana wa elfu kumi, maana wanamjua.

Mama Maziwa:
Mmeongea mengi, ng'ombe walipona?

Mleta mada:
Walipona dada, tuliwaosha midomo na magadi. Ila yule wa kwanza alikuwa anatoa lita sita, sasa hivi mbili, na kwato bado inamsumbua.