Naomba ushauri: nimeficha kitu kwenye katuni yangu ya sarakasi ya mizimu, sasa roho haitulii

Mchora_Uyole:
Wakuu, habari za jioni. Nipo Mbeya, nachora mabango ya saluni na maduka pale Mwanjelwa. Kwa miaka miwili usiku nimekuwa nachora kitabu cha katuni: sarakasi ya wafu inatembea na hema lake kutoka Igawa hadi Tunduma, na kila inapolala kijiji kinaamka na jambo.

Fikra niliipata kwa Deadman, ile katuni ya Wamarekani ya 1967. Boston Brand, mruka bembea, anapigwa risasi akiwa hewani watu wakimtazama. Rama Kushna anamrudisha akiwa roho, anaingia miili ya watu akimsaka muuaji mwenye ndoano mkononi. Kilichonikamata zaidi ni toleo la 216 la Strange Adventures, jarida lililokuwa linamtoa, la 1969. Neal Adams alichora mistari ya mawimbi, lakini ukiulaza ukurasa ukachungulia kutoka chini, mistari ile inakuwa maneno ya kumtania mchoraji mwenzake, Jim Steranko! Siku hiyo sikulala.

Basi nami nimeficha vyangu. Tiketi ya hema ina namba 246. Ngoma ya mchekeshaji imeandikwa 17/8. Swali: niweke dokezo nyuma ya jalada, au msomaji agundue mwenyewe? Naomba majibu leo leo. Natanguliza shukrani.

Mjukuu_wa_Kalenga:
Mkuu, mimi sihitaji dokezo. 246 ni kifungu cha Mkataba wa Versailles wa 1919, kilichowadai Wajerumani fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wetu Wahehe. 17 Agosti 1891 ni vita vya Lugalo, Zelewski, kamanda wa Wajerumani, alipoangukia kwenye mikuki yetu. Fuvu lilirudi 1954 na lipo Kalenga mpaka leo. Nilipelekwa kuliona nikiwa darasa la nne, tukavua kofia bila kuambiwa. Sasa wewe unaliweka kwenye tiketi ya wachekeshaji? Mtwa si wa kuchezewa sarakasi.

Mchora_Uyole:
Kaka, sijamchezea. Sarakasi yangu ni ya wafu wasiozikwa kamili, ndiyo maana nikaweka namba ile. Aliyekaa zaidi ya miaka 50 bila kichwa chake anajua shida hiyo kuliko sote.

Mama_Parachichi:
Mmenikumbusha mazingaombwe. Enzi zetu Makambako walikuja shuleni, kila mtoto atoe shilingi. Yule bwana akatoa mayai mdomoni, akamkata msichana kwa sanduku. Dada yangu alikuwa anashika sanduku, akaahidiwa sare mpya. Walipoondoka sare hakuiona, na wiki nzima alikataa kula mayai. Sipendi sarakasi hadi leo. Mwanangu, chora mambo ya kilimo, watu wa huku watanunua.

Fundi_Spika:
Dokezo la nini? Weka QR, mtu askani asikie na muziki.

Dada_wa_Mafinga:
Mnajibu tu, hamsomi. Kijana kasema roho haitulii na anataka majibu leo leo. Namba ya tiketi haimnyimi mtu usingizi. Mdogo wangu, umeficha nini kingine?

Mchora_Uyole:
Dada, umenishika.

Ukurasa wa 31. Mwenye sarakasi anakata kamba ya bembea, ndugu yake anaanguka. Nguzo za hema, ukilaza kitabu kama nilivyoeleza, zinasomeka jina la baba mdogo. Na sura ni yake. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyeuza shamba letu la chai kule Tukuyu, mama akahamia kwenye chumba cha kupanga. Hakuna aliyefungua mdomo kwenye kikao cha ukoo. Nakala 300 zipo kwa mchapaji, nusu nimeshalipa.

Lakini sijamtaja waziwazi. Masharubu nimebadilisha. Na asiyelaza kitabu haoni kitu.

Karani_Mstaafu:
Mwanangu, nimekaa mahakamani miaka mingi. Kashfa haihitaji jina kuandikwa kwa herufi kubwa. Wanaomfahamu wakimtambua, inatosha. Na wewe umeandika hadi jina, kisha umekuja kueleza hapa jinsi ya kulisoma.

Mzee_wa_Tunduma:
Hii ni chai. Jamaa anauza kitabu. Kwanza alikuja na dokezo, sasa shamba, kesho ataleta bei. Hata hiyo habari ya kulaza ukurasa kaitunga.

Fundi_Spika:
Mzee, shamba lenyewe ni la chai, umepatia! 😂

Mjukuu_wa_Kalenga:
Ya kulaza ukurasa ni kweli. Nimeutafuta ule wa 1969, nimeinamisha simu hivi, maneno yapo. Mke wangu kaniuliza natafuta nini chini ya simu.

Mzee_wa_Tunduma:
Sawa, la Mmarekani ni kweli. Sasa aeleze hili: mchora mabango wa Mwanjelwa kapata wapi nusu ya malipo ya nakala 300? Akijibu, nafuta kauli.

*(Saa tatu baadaye)*

Mchora_Uyole:
Alinipa baba mdogo.

Nilimwambia natoa kitabu. Hakuuliza kinahusu nini. Alitoa laki nne, akasema kwenye ukoo wetu hajawahi kutokea mtu wa vitabu, nimletee nakala ya kwanza aiweke sebuleni. Nikapokea. Nilijiambia hizo ni hela za shamba la baba zinarudi mlangoni kwake. Bado naamini hivyo. Ila tangu siku ile nikiitazama sura yake ukurasa wa 31, naona namna alivyokuwa anazihesabu, analowesha kidole.

Mzee_wa_Tunduma:
Nafuta kauli. Pole, kijana.

Mama_Parachichi:
Uwi! Mwanangu, hela yake umekula halafu unamchora anaua? Nenda Tukuyu ukamwambie usoni neno la shamba. Kaa kwenye kigoda, sema, mama yako awepo.

Mchora_Uyole:
Mama, shikamoo. Usoni nilishindwa, ndiyo nikachora.

Dada_wa_Mafinga:
Ukurasa wa 31 umeshachapwa?

Mchora_Uyole:
Bado. Wameishia 24, umeme ulikatika. Wanaendelea kesho asubuhi.

Dada_wa_Mafinga:
Basi una usiku mmoja. Chukua wino.

*(Kesho yake)*

Mchora_Uyole:
Nimetoka kwa mchapaji. Nguzo nimezichora upya, jina halipo. Sura nimeiacha, na kamba imekatwa vilevile. Jumamosi napanda gari la Tukuyu na nakala ya kwanza, mama nakwenda naye. Nitaufungua mwenyewe ukurasa huo mbele yake.

Mjukuu_wa_Kalenga:
Na ile 246?

Mchora_Uyole:
Ipo, kaka.