Kigoma: Mlimwajiri mdogo wangu mkapiga picha, kisha mkamwacha peke yake mpaka mkamfukuza

Wakuu, nimekaa na hili tangu mwezi wa nne na leo naliandika lilivyo, maana nimechoka kuambiwa nishukuru.

Mdogo wangu ana miaka 26 na ana ulemavu wa akili. Anaelewa, ila taratibu. Ukimpa maagizo matatu kwa mpigo atabaki na moja. Ukimwonyesha kwa mikono leo, kesho na keshokutwa, hasahau tena. Desemba 3, Siku ya Kimataifa ya Watu wenye Ulemavu, ghala moja la jumla hapa Mwanga lilimpokea kazini mbele ya wageni. Fulana mpya, kamera, makofi. Mwezi wa nne wakampa karatasi ya mistari miwili: "hamudu majukumu".

Hamudu? Kaeni niwaeleze alivyokuwa anamudu.

Wiki tatu za mwanzo meza yangu ya dagaa nilimwachia shoga yangu, nikawa naenda naye ghalani kila asubuhi, kwa sababu pale hapakuwa na mtu wa kumfundisha. Meneja aliniambia, "Dada, sisi nafasi tumeshatoa." Kazi yenyewe ilikuwa kupakia katoni za sabuni kwenye guta, katoni 20 kila safari. Kuhesabu mpaka 20 huku watu wanapiga kelele kunampoteza. Nikaokota vizibo vya soda 20, nikamtilia mfuko wa kushoto wa suruali. Katoni moja ikipanda, kizibo kimoja kinahamia mfuko wa kulia. Wa kushoto ukiisha, anainua mkono, guta linaondoka. Siku mbili alikosea. Baada ya hapo mpaka mwisho wa mwezi wa pili hakuna guta lililorudishwa kwa sababu ya hesabu yake. Msimamizi wa wakati ule, Mungu ambariki, aliwakataza wenzake kumsemesha akiwa anapakia.

Mwezi wa tatu msimamizi yule akahamishwa. Aliyekuja alisikia mifuko inalia, akamwamuru aitoe yote, vizibo vikatupwa jalalani. Hakuuliza ni vya nini. Siku hiyo mdogo wangu alipakia katoni 23, kesho yake 17. Onyo la kwanza, la pili, la tatu. Jioni alikuwa anarudi, anakaa kizingitini, anageuza mifuko nje na kunionyesha kuwa ni mitupu. Siku nne nzima sikumwelewa, na hilo linaniuma mpaka leo. Nilipoelewa nikapeleka vizibo vingine. Mlinzi akanizuia getini, akasema ndugu wa wafanyakazi hawaingii.

Sasa msiniambie habari ya sheria kana kwamba siijui. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Ghala lile lina watu 34. Asilimia 3 ya 34 ni mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mdogo wangu. Walimhesabu siku ya picha. Aliyekuja mwezi wa tatu kuuliza kama bado yupo, anaendeleaje, nani anamwelekeza, ni nani? Hakuna. Si wa ghalani, si wa ofisi iliyompeleka pale. Marekani tangu miaka ya 1980 kuna utaratibu wa mtu kuwekwa kazini kwanza, halafu mkufunzi anakaa naye palepale kazini, anampunguzia msaada kidogo kidogo, na anarudi kila mambo yanapobadilika. Kazi hiyo mimi muuza dagaa niliifanya wiki tatu bila mshahara na ikawezekana, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba ni mambo ya nchi tajiri.

Na nyumba je? Mwezi wa kwanza alipanga chumba Gungu, mara ya kwanza maishani mwake kulala kwenye chumba chenye ufunguo wake. Ufunguo aliufunga kwa kamba ya kiatu akauvaa shingoni. Wenye nyumba wawili walishatukataa kabla ya hapo, mmoja akisema mbele yake, "Huyu atanichomea nyumba." Wa tatu akakubali kwa kodi ya miezi sita mkononi, wakati wapangaji wenzake wanalipa mitatu. Aliyemfanya aweze kukaa pale ni mama mmoja jirani anayekaanga vitumbua. Kila alfajiri anamgongea, anaangalia kama jiko limezimwa, basi. Halipwi na mtu yeyote. Kodi inaisha mwezi wa sita, na mwenye nyumba ameshasema bila mshahara hampi tena chumba. Atarudi Ujiji kwa mama yetu, miaka 71, sukari imeshamla macho. Mama akiondoka?

Kuna walioniambia nimpeleke kwenye makao ya kulea watu wenye ulemavu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 19 inasema mtu ana haki ya kuchagua anapoishi na anayeishi naye. Yeye ameshachagua. Ufunguo bado uko shingoni.

Wengine wakasema nimwombee mkopo wa halmashauri, ile asilimia 2 ya watu wenye ulemavu ndani ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri inatenga kwa mikopo. Jamani, mkopo ni wa mtu anayetaka biashara. Mdogo wangu anataka kupakia katoni, apokee chake mwisho wa mwezi. Mnamgeuza mfanyabiashara mwenye marejesho kwa sababu tu ndicho kitu pekee mlicho nacho kabatini?

Kuhusu kushitaki: aliyefanya kazi chini ya miezi sita hawezi kudai kuwa ameachishwa isivyo halali, ndivyo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inavyosema. Yeye alitolewa mwezi wa tano wa kazi. Nimechelewa kujua kwamba ubaguzi ni dai lingine, na kwamba dai hilo linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Zimebaki siku tisa. Fomu ninayo, nimejaza majina na tarehe, nimekwama pale panapotaka maelezo ya mgogoro. Kama kuna mwanasheria Kigoma mjini, au mtu aliyewahi kupeleka dai la namna hii, tafadhali aniandikie pembeni leo. Vile vizibo vipya nimevitunza kwenye kopo, nitakwenda navyo.