Tuhame Subversion au tubaki nayo?

mtunza_daftari (Chumbageni, Tanga)
Waungwana, habari za jioni. Programu yetu huria ya kuandika mapato ya samaki mnadani iko kwenye Subversion, mfumo wa kutunza kila badiliko la msimbo kwenye seva moja, tangu siku ya kwanza, na seva ni ile kompyuta iliyo chini ya meza yangu. Wiki iliyopita umeme ulikatika asubuhi. Wenzetu watatu wa Pangani wakashinda na kazi zao mikononi hadi saa tatu usiku, hakuna wa kukomiti, yaani kuandikisha badiliko kwenye historia. Tubaki, au twende kwenye mifumo mingine ya kazi hiyo: Git, Mercurial, Fossil?

raskazone_07
Git, kaka. Kila mtu anakaa na historia nzima kwenye kompyuta yake. Unakomiti hata ukiwa ndani ya dau. Mtandao unautafuta wakati wa kusukuma tu, yaani kuwapelekea wenzako ulichokomiti. Na kijana anayetoka chuo leo anakuja akiijua.

bi_ngamiani
Usikimbilie umaarufu, mwanangu. Watafsiri wetu si waandika programu, wanarekebisha faili la maneno basi. Subversion wanaijua kwa amri mbili. Git itawataka waandae faili, wakomiti, kisha wasukume, na siku ya mgongano, wawili wamebadilisha mstari mmoja, simu zote zinakuja kwangu. Mercurial nayo inabeba historia yote, tena imeanza mwezi mmoja na Git, Aprili 2005, ila amri zake zimenyooka.

raskazone_07
Shikamoo bi. Sibishi kuhusu wepesi, ila tutaiweka wapi? Bitbucket, tovuti ya kuhifadhi miradi, ilianza kwa Mercurial, na 2020 ikaiondoa. Watu wa lugha ya Python walitoka Subversion wakaenda Mercurial 2011, wakahamia Git 2017. Kuhama mara mbili sisi hatuna nguvu hizo.

bi_ngamiani
Marahaba. La Python limeniuma, lakini nimelimeza.

mpwani_bagamoyo
Fossil msiidharau. Programu ni faili moja, ndani mna wiki na orodha ya hitilafu. Hazina yote, faili na historia yake, nayo ni faili moja la hifadhidata ya SQLite, unaitia kwenye fleshi unaondoka. SQLite yenyewe inatunzwa humo. Ila nikiri: kila niliyemwomba msaada aliniuliza Git yake iko wapi.

fundi_kisosora
Mnachagua nyumba, mizigo hamjaitazama. Subversion inaandika jina la mtumiaji tu, Git inataka jina na barua pepe. Niliwahi kuhamisha mradi kwa git svn, zana ya kutoa historia Subversion kuipeleka Git, bila faili la kuoanisha majina na barua pepe: kila mtu akapewa barua pepe yenye mkia mrefu wa tarakimu na herufi, na matoleo yote yakaja kama matawi, yaani njia za kazi inayoendelea.

Halafu picha. Mtunza, zile picha za nguru na changu ulizozifuta, kwenye historia bado zimo. Subversion ilikuwa inakuletea faili za leo tu. Git itamshushia kila mgeni historia nzima, kwa bando lake. Zirukwe wakati wa kuhamisha, kuna chaguo la --ignore-paths. Ukishawagawia watu, kuzitoa ni kuwaambia wote waanze upya.

mtunza_daftari
Lo! Nilidhani nikifuta zimekwisha.

Basi ni Git. Ijumaa usiku nafunga kukomiti kwenye Subversion, ibaki ya kusoma. Watafsiri watahariri kwenye kivinjari, amri hawazioni. Jumamosi nakaa nao mwenyewe, Bi, simu zije kwangu. Nileteeni faraghani majina na barua pepe mnazotaka zionekane.

bi_ngamiani
Langu liandike lote. Kwenye seva yako miaka yote hii mimi ni "bi2".