Naomba ushauri: waya wa kuchomelea boti ya alumini ya baharini

Nahodha_wa_Tanga:
Ndugu zangu mafundi, salaam. Nina boti ya alumini ya mita 7, ambayo bamba lake la chini ni alumini ya aina ya 5083 la unene wa milimita 4. Mwaka jana ilipata ufa karibu na tezi (nyuma ya boti), fundi akauchomelea, na mshono ukatoka laini na kung'aa hata nikamsifu. Baada ya miezi 4 ufa ulirudi, safari hii ukifuata ukingo wa mshono kama uliochorwa kwa rula. Nilipookota boksi la waya alioutumia, nilikuta limeandikwa 4043, yaani namba ya aina ya waya. Dukani nimeonyeshwa pia 5356, na 5183 ambao bei yake imenishtua. Nichukue upi?

Mchomeleaji_Mkongwe:
Pole, Nahodha. Waya wa 4043 una silikoni ya asilimia 5 hivi, nao unatiririka vizuri mno, ndiyo maana mafundi wengi wanaupenda; lakini bamba lako lina magnesiamu inayozidi asilimia 4, na hivyo viwili vikikutana ndani ya mshono huzaa silisaidi ya magnesiamu, ambayo huvunjika kirahisi na haivumilii boti inayopigwa na mawimbi mchana kutwa. Waya huo una kazi yake kwenye alumini ya aina ya 6061 na alumini ya kusubu. Kwako, saga mshono wote wa zamani uondoke. Ukichomelea juu yake silikoni itabaki humo humo.

Fundi_Bandarini:
Naongezea. Kwa kustahimili maji ya chumvi, 5356 na 5183 zote ni nzuri, kwa hiyo asikutishe mtu kwamba 5356 italiwa. Tofauti yao ni nguvu. Mshono wa bamba la 5083 hutakiwa kufikia megapaskali 275 (kipimo cha nguvu ya kuvutwa), kiwango ambacho 5183 hukifikia bila shida, ilhali 5356 mara nyingine hupungukiwa. Mimi huweka 5356 kwenye vishikio na ngazi, lakini chini ya mstari wa maji sibahatishi.

Mchomeleaji_Mkongwe:
Naafiki. Ila waya wa bei ghali uliolala wazi kwenye hewa ya pwani ni hasara tupu, kwa sababu unyevu hugeuka hidrojeni ndani ya moto na kuacha vitundu. Roli irudi mfukoni kila jioni. Futa bamba kwa asetoni kwanza, liache likauke kabisa, ndipo upige brashi ya chuma cha pua ambayo haijawahi kugusa chuma cheusi. Ukianza na brashi unayasugulia mafuta ndani. Gesi iwe argoni tupu.

Nahodha_wa_Tanga:
Nashukuru sana. Je, bomba la moshi la injini linapopita ubavuni, nitumie 5183 hiyo hiyo?

Fundi_Bandarini:
Hapana, pale pasipopoa. Waya na bamba zenye magnesiamu ya zaidi ya asilimia 3 hazifai kukaa muda mrefu kwenye joto la juu ya nyuzi 65, maana hupasuka zikiwa chini ya mkazo na chumvi. Tenganisha bomba na bamba kwanza. Na kabla ya kugusa boti, chomelea vipande viwili vya majaribio, ubane kimoja kwenye jiliwa, ukivunje kwa nyundo, kisha utazame ndani ya mshono kama kuna vitundu.

Nahodha_wa_Tanga:
Nitachukua 5183. Vipande vya majaribio nitavileta hapa kwa picha Jumamosi.