Nahamia kliniki ya fistula na katheta za dayalisisi: nianze kujifunza nini?

Sista wa Wodi
Habari zenu wadau. Nimezoea wodi ya magonjwa ya ndani, sasa nahamishiwa kliniki ya fistula (mshipa wa mkononi ambapo ateri na vena zimeunganishwa kwa upasuaji) na katheta (mrija unaowekwa kwenye mshipa mkubwa), za wagonjwa wa dayalisisi, yaani wanaosafishwa damu kwa mashine. Kuchoma sindano si tatizo, ila za huko ni nene, na mgonjwa ana mkono mmoja tu wa kutegemea. Mnaangalia nini kabla ya kuchoma?

Nesi Mkongwe
Karibu mdogo wangu. Sindano iache kwanza, anza na vidole na masikio. Gusa fistula: uhisi mtetemo laini usiokatika. Ikidunda kwa nguvu, shuku kuwa mbele mshipa umebana. Weka stetoskopu: mvumo mzito unaoendelea ni mzuri, ukisikia mwembamba kama filimbi, pana mbano. Halafu mgonjwa anyanyue mkono. Fistula yenye afya hunywea. Isiponywea, damu inapata shida kurudi moyoni. Mimi sichomi mkono ambao sijaugusa, hata foleni iwe ndefu vipi.

Fistula mpya usiiharakishe. Tunatafuta mshipa wenye upana wa milimita 6, usiozidi kina cha milimita 6 chini ya ngozi, unaopitisha damu mililita 600 kwa dakika, wiki 6 hivi baada ya upasuaji.

Kinachoniuma ni mkono huo kufungwa kipimo cha presha au kutolewa damu ya maabara kwenye idara nyingine. Mfundishe mgonjwa akatae, na aguse mtetemo wake kila siku. Ukipotea, aje siku hiyohiyo.

Chumba cha Mashine
Naunga mkono. Tukikwambia shinikizo la vena (presha ya damu inaporudi kwa mgonjwa kutoka kwenye mashine) linapanda kila kikao, au damu imepita dakika 20 haijakata baada ya kutoa sindano, mtafutie ultrasaundi. Na mgonjwa mwenye uvimbe kwenye fistula wenye ngozi nyembamba inayong'aa, au kigaga kisichopona, usimruhusu aende nyumbani kabla daktari wa upasuaji hajamwona. Ukipasuka, damu inamwagika kwa kasi ya kutisha.

Sista wa Wodi
Asanteni sana. Na wenye katheta?

Nesi Mkongwe
Barakoa kwako na kwa mgonjwa kila unapoifungua katheta, na viungio vyake visuguliwe kwa dawa mpaka vikauke vyenyewe. Akipata homa au kutetemeka, mchukulie kuwa ana maambukizi kwenye damu: mwite daktari, chukua damu ya kuotesha vijidudu maabara kabla ya antibayotiki. Na mtu asiitumie kuwekea dripu za kawaida, hata akikuomba vipi.