Gumzo la kikundi: UKOO WA BIBI NYEMO (Kongwa – Dodoma mjini)

Shangazi Dorika: Mbukwenyi wote. Jamani naomba msaada, ile fomu ya Elisha ya kujiunga na kidato cha tano nimeipakua kwenye simu jana usiku ikaandika kabisa imekamilika, sasa naitafuta siioni, nimeingia kwenye picha haipo, kwenye WhatsApp haipo, na mtoto anatakiwa kuripoti Jumatatu na ndani kuna fomu ya daktari ya kujaza

Gidi: Shikamoo shangazi

Shangazi Dorika: Marahaba mwanangu. Upo chuo?

Gidi: Nipo UDOM huku. Uliipakua kwa kutumia nini, Chrome?

Shangazi Dorika: Sijui, hiyo ya duara yenye rangi rangi. Niliingia kwenye tovuti ya TAMISEMI nikachagua mkoa, shule, nikabonyeza

Gidi: Ndo Chrome hiyo. Basi WhatsApp hutaiona hata utafute hadi kesho, WhatsApp inaonyesha vitu vya WhatsApp tu. Fungua Chrome, bonyeza vinukta vitatu vya juu kulia, shuka mpaka Vipakuliwa, kama simu yako iko kwa Kiingereza imeandikwa Downloads

Kaka Masima: Shangazi kwani ukiibonyeza tena si inashuka upya

Shangazi Dorika: Nimeshaibonyeza sana, bando lote limeishia hapo

Dada Nyemo: 😂😂 Shikamoo shangazi. Utakuta zimejipanga fomu moja na wadogo zake, kila ukipakua tena inawekewa namba kwenye mabano, (1), (2), (3). Wateja wangu hapa steshenari tunapoprinti ndo zao

Shangazi Dorika: Marahaba. Nimeziona!! Kweli ziko nyingi. Sasa nifute zipi

Gidi: Subiri kwanza usifute kitu. Hapo kwenye simu ukifuta kwenye orodha ya Chrome na faili lenyewe linaondoka, siyo jina tu. Fungua moja usome mpaka mwisho uone kurasa zimetimia, ukishaiona nzima ndo ufute zingine

Baba mdogo Yona: Habari za asubuhi familia. Mimi tatizo hilo nilishalimaliza, simu yangu nimeiambia kila kinachopakuliwa kiende kwenye memori kadi. Simu haijai na vitu vyangu viko salama, simu ikifa natoa kadi naweka kwenye nyingine. Dada fanya hivyo

Gidi: Shikamoo baba mdogo. Samahani hapo naomba nikupinge kidogo

Baba mdogo Yona: Marahaba. Haya pinga, ndo mnachosomea huko

Gidi: Kwenye Chrome ya Android, hasa simu za kabla ya Android 11, ukichagua memori kadi faili linaweza lisiende kwenye folda la Download la kawaida. Linaingia ndani huko kwenye folda la Android, halafu data, halafu com.android.chrome, halafu files, ndo unakuta Download. Maana yake simu inahesabu hiyo ni mali ya Chrome, siyo yako. Siku Chrome ikiondolewa kwenye simu hayo mafaili yanaondoka nayo. Na kuanzia Android 11 ile ya mwaka 2020 hilo folda la data limefungwa, ukiingia na programu ya mafaili unakuta geti, wengi hawalioni kabisa

Baba mdogo Yona: Kwa hiyo mitihani yangu ya mazoezi yote iko humo?

Gidi: Ingia Chrome, vinukta vitatu, Mipangilio, Vipakuliwa, utaona mahali panapohifadhiwa. Kama ni kadi basi huenda iko humo. Chomeka kadi kwenye kompyuta utaviona vyote, hamishia folda lako la kawaida

Baba mdogo Yona: Nitaangalia nikitoka kipindi

Dada Nyemo: Kadi yenyewe baba mdogo ni zile za machinga? Hizo nazo zinakufa bila kuugua. Mi nasema pakulia kwenye simu, kadi iwe ya kunakilia tu

Upendo (Area D): Na sisi wa iPhone je, mnatusahau kama kawaida

Kaka Masima: Nyie mna hela, tafuteni fundi wenu

Upendo (Area D): 🙄 Gidi

Gidi: Dada Upendo ya kwako Safari ilianza kuwa na folda la kupakulia mwaka 2019 kwenye iOS 13, kabla ya hapo ilikuwa shida tupu. Ingia Mipangilio, tafuta Safari, kwenye simu mpya mpya imejificha ndani ya Apps, ukishaingia kuna Vipakuliwa. Hapo unachagua iCloud, ile hifadhi ya Apple ya mtandaoni, au simu yenyewe. Kama hulipii iCloud una GB 5 tu na picha zako za harusi zimo humo humo, kwa hiyo chagua simu yenyewe

Upendo (Area D): Ndo maana kila siku inanidai hela! Asante mdogo wangu

Dada Nyemo: Sasa ngojeni niseme la kwangu maana mnaongelea simu tu na balaa kubwa liko kwenye kompyuta za watu wengi. Hapa kwetu Sabasaba mtu anakuja na simu imeisha chaji, anakaa kwenye mashine anafungua imeili yake anapakua cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, barua ya kazi, tunaprinti anaondoka. Faili limebaki. Kompyuta kama hujaigusa kila kitu inatupia kwenye folda moja la Downloads, nilipoanza kazi hapa folda hilo lilikuwa limefurika vyeti vya watu nisiowajua, mpaka barua ya mtu ya talaka 🤦🏾‍♀️ mtu akija kutafuta la kwake inabidi afunguefungue ya wenzake. Na wapo wanaodhani wakitumia lile dirisha jeusi la siri (incognito) wamepona, lile linasahau ulikotembelea tu, faili ulilopakua linabaki mezani kama lilivyo. Ukifuta historia hivyo hivyo, inafutika orodha, faili lipo.

Shangazi Dorika: Mungu wangu. Mimi nimewahi kupakulia kitambulisho changu steshenari

Dada Nyemo: Ndo hivyo shangazi. Kwa hiyo mashine zetu zote nimewasha ile swichi ya kuuliza. Kwenye Chrome unaandika chrome://settings/downloads pale juu unapoandikaga anuani, zinakuja setingi mbili za maana, moja inaonyesha folda na batani ya kulibadilisha, na chini yake swichi ya kukuuliza kila mara pa kuhifadhi kabla haijapakua. Edge nayo ni hivyo hivyo, edge://settings/downloads. Ukiiwasha kila faili linakuja na kiboksi, mteja anachagua flashi yake mwenyewe na jina analibadilisha hapo hapo, badala ya kuitwa document basi liitwe fomu_elisha, kwangu hiyo ndo faida kubwa kuliko zote

Kaka Masima: Si kero hiyo, kila kitu kiulize

Dada Nyemo: Kwenye kompyuta yako mwenyewe ni kero sawa, mi kwenye laptopu yangu ya nyumbani nimeizima. Lakini mashine ya watu wengi bora kero. Ila kuna kitu nimekiona, kile kiboksi kinafungukia folda la mwisho lililotumika. Yaani mteja wa kwanza akihifadhi kwenye folda lake, wa pili akija kinamfungukia humo humo anaona majina ya mafaili ya mwenzake. Kwa hiyo nimeweka na sheria, kila mtu flashi, na jioni kabla ya kufunga napiga fagio

Baba mdogo Yona: Hapo umenena mwanangu. Mimi natumia Firefox hapa shuleni, zamani ilikuwa inaniuliza yenyewe nifungue au nihifadhi, siku hizi inapakua kimya kimya. Nilidhani nimeharibu

Gidi: Hujaharibu baba mdogo. Walibadilisha kwenye Firefox 98, Machi 2022, tangu hapo inahifadhi moja kwa moja kwenye folda. Bonyeza vimistari vitatu, Mipangilio, hapo hapo kwenye Jumla shuka mpaka sehemu ya mafaili na programu, kuna pa kuchagua folda la kuhifadhia na pa kuiambia ikuulize kila mara. Washa hicho cha kuuliza

Baba mdogo Yona: Na Chrome ile bar ya chini iliyokuwa inaonyesha faili limefika asilimia ngapi imekwenda wapi? Nayo nilikuwa naitegemea

Gidi: Iliondolewa 2023, siku hizi ni kamshale kadogo juu kulia, ukibonyeza unaona mafaili ya karibuni na kialama cha folda kinachokupeleka lilipo. Au bonyeza Ctrl na J kwa pamoja, hiyo inafanya kazi Chrome, Edge na Firefox

Baba mdogo Yona: Ctrl J. Naandika ubaoni

Kaka Masima: Mi nina swali. Kuna faili langu la nyimbo za kwaya limeishia na crdownload halifunguki, nimelibadilisha jina nikaandika mp3 bado

Gidi: 😂 Kaka hilo halijaisha kushuka. Faili likiwa njiani Chrome inalipatia hilo jina, likifika ndo inalipatia jina lake. Firefox inaandika part. Ukibadilisha jina unajidanganya tu, na kuliendeleza linaweza lisiendelee tena. Fungua orodha uone kama kuna pa kuendeleza, kama hakuna anza upya ukiwa na bando la kutosha

Kaka Masima: Bando la kutosha anasema mwanafunzi anayetumia waifai ya chuo

Dada Nyemo: Halafu hao hao wa flashi, faili bado linaingia huku mkono ushachomoa. Kama umeielekeza brauza, yaani Chrome au Firefox yako, kwenye flashi, flashi ikitoka na faili limekufa. Kubwa kubwa pakulia kwenye kompyuta kwanza, likikamilika nakili, halafu futa la kwenye kompyuta na utoe takataka kwenye kapu la kompyuta (Recycle Bin), maana kwenye kapu pia linaokoteka

Baba mdogo Yona: Swali la mwisho, kompyuta ya ofisi diski C imejaa inalalamika, D iko tupu. Nibadilishe folda kwenye brauza tu?

Gidi: Bora uhamishe folda lenyewe la Downloads. Bofya kulia juu ya hilo folda, sifa zake, kuna kichupo cha mahali, halafu hamisha, unachagua folda ulilotengeneza D. Itakuuliza kama vya zamani navyo vihame, kubali. Chagua folda kabisa, usichague diski nzima ya D peke yake, ukichagua diski nzima kurudisha nyuma ni mateso. Ukimaliza ingia setingi za brauza uhakikishe nayo inaonyesha D

Baba mdogo Yona: Hii nitakusubiri wewe uje, siigusi

Gidi: Wikiendi nakuja, niandalie mlenda

Shangazi Dorika: Nyie mmeniacha. Fomu nimeifungua moja iko nzima, zingine nimezifuta. Sasa huku Kongwa printa ya jirani imeharibika, Nyemo mwanangu nikutumie?

Dada Nyemo: Nitumie shangazi. Ila usinipigie picha skrini, nakuomba sana. Bonyeza lile faili kwa muda mrefu, gusa shiriki, chagua WhatsApp, nitumie mimi inboksi siyo hapa kwenye kundi, humo kuna taarifa za mtoto

Shangazi Dorika: Nimetuma

Dada Nyemo: Imefika. Imeitwa kwa namba ndefu haisomeki hata ni ya nini, naibadilisha jina naiweka kwenye folda la familia siyo la wateja. Ya rangi au nyeusi?

Shangazi Dorika: Nyeusi tu, ya daktari nitolee mbili

Upendo (Area D): Ndani wameandika avae sare gani, mi nina kitambaa cha bluu kimebaki

Dada Nyemo: Wameandika suruali kijivu dada. Na ndoo, jembe, godoro futi mbili na nusu, reki

Upendo (Area D): Godoro ninalo la yule mdogo aliyemaliza, Masima apite kuchukua

Kaka Masima: Sasa mimi ndo brauza yenu, kila kitu kinapakuliwa kwangu. Nani anatoa mafuta?

Shangazi Dorika: Nimekutumia elfu kumi, angalia simu. Pitia fomu kwa Nyemo kabla hajafunga, godoro kesho

Kaka Masima: Imeingia. Nipo Nkuhungu nashusha abiria, nusu saa nipo Sabasaba